Nyumba Iliyonyimwa Moshi

Juzi nilikwenda Msamala kumsalimia baba mdogo, tukajikuta tumesimama kwenye kiwanja cha bibi. Nyumba haipo. Kilichobaki ni jiko la nje, kibanda tu, kenchi za paa lake, nyeusi kwa moshi, bado imara. Baba mdogo hakutaka kuingia, nami sikumlazimisha.

Usinicheke nikikwambia kwamba sijalala tena katika nyumba nzuri kama ile ya miti na udongo. Babu aliisimamisha kwa mikono yake: nguzo nene za mti mgumu, fito zilizofungwa kwa kamba za magome, kisha udongo, na juu paa la nyasi. Kila kiangazi wanawake majirani walikuja kukandika upya kuta. Sisi watoto tulikanyaga udongo hadi tukachafuka magotini, huku tukiisubiri togwa ya bibi.

Moto ulikaa ndani, katikati ya chumba chake. Juu yake, kwenye kenchi, bibi alining'iniza mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Hata sisi wadogo tulilijua hilo. Lakini moshi huohuo ulimwumiza macho na kifua. Alikohoa mpaka tukaogopa kumsikiliza. Baba mdogo alishindwa kuvumilia. Akajenga jiko la nje, akahamishia mafiga huko, na mahindi ya mbegu akayabeba kwa uangalifu, shada moja moja, akayatundika juu ya moshi yasije yakatobolewa na wadudu. Bibi alilalamikia baridi tu.

“Umeniachia nyumba kama kanisa siku ya Jumatatu,” alimwambia.

Tukacheka. Kikohozi kikapungua kweli, na ukoo mzima ukamsifu baba mdogo. Hakuna aliyeinua macho kuzitazama kenchi.

Miaka ikapita. Bibi akaanza kukung'uta unga wa mti kutoka kwenye blanketi lake kila asubuhi, akidhani ni vumbi la nyasi. Kisha ikaja masika ya mvua nyingi. Mchana mmoja, sisi tukiwa shuleni, nyasi zilizolowa zikawa nzito kuliko kenchi zilivyoweza kubeba, paa likashuka. Bibi alikuwa ndani anachambua maharage. Majirani walipomfikia alikuwa ameshakufa. Baba mdogo aliokota kipande cha kenchi kilichotobolewa na wadudu, kikasagika mkononi mwake kama mkate mkavu.

Sasa Msamala ni tofali na bati, na sijui nani bado anaweza kukandika ukuta. Naukumbuka ule udongo miguuni na roho inaniuma. Juzi pale nilitaka kumwambia baba mdogo kwamba alitenda kwa upendo, kwamba hata sisi hatukuona. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia alipokitazama kile kibanda.

“Mahindi niliyakumbuka, mwanangu,” alisema. “Mama nikamwacha ndani.”