Mwanamke wa Kwenye Santuri

Miaka ishirini na sita Nzomo alipima kahawa kiwandani Mitaboni, na miaka hiyo yote tarumbeta yake ililala chini ya kitanda. Mwaka 1999 vijana wakaja kuiamsha. Kiongozi wao, Kyalo, mpiga gitaa, alikuwa ameokota santuri ambayo Nzomo na wenzake waliirekodi mwaka 1966. Bendi yake iliupiga muziki huo wa dansi kwa fujo na magitaa ya kukwaruza, na ukumbi mjini Machakos ulikuwa ukijaa.

"Mzee, nyinyi mlikuwa moto," Kyalo alisema. "Sisi tumefuata tu mbio zenu."

Akawasha gramafoni. Nzomo akashtuka. Swichi ya mwendo ilikuwa imekwama, santuri ikizunguka karibu mara mbili ya kawaida. Tarumbeta ililia kama king'ora, na sauti yake mwenyewe, ya ujana wake, ilitoka nyembamba kama uzi.

"Na huyu mama anayeimba ni nani?"

Akisema kweli, watajua kwamba wimbo ule ulichezwa polepole, watu wakiburuta miguu. Watamtaka wa nini tena?

"Alikufa," akajibu.

Tangu siku hiyo, mazoezini na bendi, akawa anafukuza mwendo ambao hakuwahi kuupiga. Kifua kilimbana, midomo ikachubuka.

"Mzee, unachelewaje na wimbo ni wako?" Kyalo alimtania. Nzomo akacheka pamoja nao, kisha akaomba maji.

Jumapili ya onyesho mkewe, Nduku, alikuja amevaa kitambaa chake cha kanisani. Sauti ile ya kwenye santuri aliijua, ndiyo iliyomposa. Kabla ya wimbo Kyalo akashika maikrofoni.

"Tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu mama aliyeuimba wimbo huu."

Ukumbi ukanyamaza. Nzomo alitazama viatu vyake. Alipoinua uso, watu wote walikuwa wima isipokuwa Nduku.

Ngoma ikaanza. Nzomo akapuliza ubeti wa kwanza. Katikati ya ubeti wa pili pumzi ikamwishia, tarumbeta ikashuka. Watu wakadhani ni majonzi, wakampigia makofi mengi kuliko yote ya siku hiyo.

Nyumbani Nduku alikunja kitambaa chake taratibu, pembe kwa pembe.

"Baba Mutheu," akasema, "kumbe mimi ni mjane na hukuniambia."