Kusimama Wima Bangkok

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya tiketi za ndege Kampala, Meneja alinionyesha kiti, mashine ya taipu na dirisha lililokuwa bado na tundu la risasi, kisha akanipa sheria moja. "Wewe musichana, kazi yako ni tiketi. Ndege ikifunga mulango, mambo ya abiria si yetu tena. Umesikia?" Nilimjibu kwamba nimesikia. Sikusema nimekubali.

Vita vya mwaka themanini na sita vilikuwa vimeisha juzijuzi. Maduka ya Kampala yalikuwa matupu, na wafanyabiashara walikuwa wameanza kupanda ndege kwenda Bangkok kutafuta nguo. Mimi ni binti wa polisi kutoka kaskazini, nimekulia kambini ambako lugha ilikuwa Kiswahili, na miaka ile, kwa kuwa serikali iliyoshindwa ilikuwa ya watu wa kaskazini, kutoka huko kulitosha kukufungia milango mingi. Meneja aliniajiri kwa sababu wateja wake Wakongomani walitaka mtu wa kuzungumza nao Kiswahili. Aliniambia hivyo bila kupepesa macho, nami nikaichukua kazi bila kumshukuru sana.

Tiketi tuliziandika kwa mkono, karatasi ya kaboni katikati ya nakala, na ukikosea herufi moja ya jina unaanza upya. Baadaye nilihamishiwa meza ya viza, na hapo ndipo nilipomjua Nnalongo wa Kasubi. Nnalongo ni mama wa mapacha, na sisi sote tulimwita hivyo. Aliuza nguo sokoni, na alikuwa abiria wangu wa kwanza kurudishwa. Kurudishwa, kwa lugha ya kazi yetu, ni kukataliwa na uhamiaji na kupandishwa tena ndege ya kampuni iliyokuleta.

Hakukosa kitu. Alikuwa na viza, tiketi ya kurudi, jina la hoteli, na kadi ya njano ya chanjo, tena ya sindano ya kweli, si ile ya kununua mitaani. Kilichomponza ni adabu. Alipoitwa kwenye kaunta alipiga magoti, kama mwanamke wa Kiganda aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mkubwa. Kaunta za Bangkok ni za juu, zinamfika mtu kifuani. Ofisa alimwona abiria ametoweka, akasimama, akaita wenzake. Wakamuuliza maswali, naye akajibu kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Wakaamua kwamba mama huyu anaficha jambo.

Alitusimulia haya ofisini akiwa amepiga magoti mbele ya Meneja, na Meneja akacheka mpaka akavua miwani. Nilichukia kweli. Nakichukia kicheko kile mpaka leo.

Wenzake Nnalongo wa sokoni walikubali kumsaidia asafiri mara ya pili, lakini kwa sharti: akirudishwa tena, kibanda chake kinauzwa. Nilipanga kreti za soda mpaka usawa wa kifua kama kaunta, nikaketi nyuma yazo juu ya kiti kirefu, nikawa ofisa wa uhamiaji. Meneja alipotukuta alifoka. "Hii ni ofisi ama ni michezo ya kuigiza? Huyu mama akirudishwa tena, na wewe unaenda naye!"

"Sawa, Mzee," nikamjibu. "Lakini leo naomba utupishe, tuna kazi."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Alitupisha.

Mengine Nnalongo aliyashika upesi. Viatu vya kuvua haraka, maana kule huingii hekaluni wala nyumbani kwa mtu na viatu. Usimshike mtoto wa mtu kichwani, hata akikupendeza vipi. Noti ikianguka usiikanyage ili kuizuia isipeperushwe na upepo, kwa sababu ina picha ya mfalme. Ila nilipogonga kreti na kuita "Anayefuata!", Nnalongo alizama chini.

"Banange, nyabo," alisema akikaribia kulia, yaani jamani, bibi, "magoti inaenda yenyewe. Mimi nasimama namna gani mbele ya mutu mukubwa?"

"Nnalongo, mteja akikuambia sketi yako ni mbovu, unampigia magoti?"

"Eeh! Huyo? Namusimamia hapa hapa, naangalia yeye kwa macho!"

"Basi huyu ofisa ni mteja, na anasema sketi zako mbovu."

Akainuka taratibu, akashika kreti kwa mikono miwili. "Ssebo," akaniambia, yaani bwana, kwa sauti iliyofika mpaka ngazini, "mimi nakuja kununua nguo, nalala hoteli, narudi kwangu Kasubi. Kuna nini ingine?"

Hakurudishwa. Alikuja ofisini baada ya safari, amevaa gomesi mpya, lile vazi la heshima la Kiganda, marobota yake ya nguo yakiwa njiani. Meneja alijiegemeza kitini, akangoja apigiwe magoti. Nnalongo alimsalimu amesimama, akimtazama usoni. Kisha akaja mezani kwangu, mimi niliyeweza kuwa binti yake, mtoto wa polisi wa kaskazini, akapiga magoti. Nami nikatoka nyuma ya meza nikapiga magoti mbele yake, kwa kuwa hata kwetu kaskazini tunafundishwa hivyo.

Meneja hakunifukuza. Wateja walianza kumpita mlangoni wakiulizia kreti, naye alipenda wateja kuliko alivyonichukia. Nikapandishwa cheo kuwa Mkuu wa Meza ya Safari, nikawaandaa watu mpaka nilipostaafu.

Sasa vijana mnaniambia kila kitu kimo kwenye simu. Vizuri. Nimestaafu, naishi Kawempe na kreti zangu, na bado wanawake huja kwangu kabla ya kusafiri. Wengine husema kupiga magoti ni ushamba, tuache. Mimi siwaambii waache. Nawafundisha kusimama, halafu nawaambia magoti ni yao, na wao ndio watakaochagua nani anastahili.