Isale Aliyoikata Mama

Kwetu Machame, mtu akikukosea, kisha akakuletea jani la isale mkononi, yamekwisha. Huna ruhusa ya kuendelea kununa. Ndiyo maana nilipofungua shauri la ardhi Moshi mjini sikumgusa kaka yangu, ingawa ndiye aliyeuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, alichonipa marehemu baba nilipoachika nikarudi nyumbani. Pale nina migomba, nina ng'ombe mmoja wa maziwa, na sina pengine pa kwenda. Kaka ana nyumba Himo, ana malori, na bado tamaa ikamtuma. Mnunuzi akaja na waya, akazungushia mpaka nyuma ya jiko langu.

Kaka aliniwahi kabla sijaenda popote. Akapiga goti, mtu mzima na kitambi chake, akaninyooshea isale. "Nisamehe dada, ni shetani tu." Nikalia, nikalipokea, nikampikia na mtori. Mjinga mimi. Nikamshitaki mnunuzi peke yake.

Kwenye baraza la ardhi, wakili wa mnunuzi akauliza jambo moja tu: muuzaji yuko wapi? Nikaeleza habari ya isale. Watu wakacheka, mwenyekiti akangoja wanyamaze.

"Mama, mila yenu naiheshimu," akasema. "Lakini siwezi kuamua kama mauzo ni halali bila kumsikia aliyeuza. Kesho atasema hakuitwa, na hukumu yako itakuwa kazi bure. Rekebisha maombi yako, umuunganishe na yeye kwenye kesi."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mama, ambaye naishi naye na macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akanikemea. "Usimguse mwenzio. Isale umeshapokea." Nikadhani ni uchungu wa mzazi. Nikamwandika kaka hivyo hivyo, mjibu maombi wa pili.

Siku yake ilipofika alivaa suti, wala hakunitazama.

"Mheshimiwa, kama ni kuunganisha watu, basi na mama aunganishwe," akasema. "Msimamizi wa mirathi ya baba ni yeye, na niliuza kwa ruhusa yake. Hata ile isale alinikatia yeye. Alisema dada akishaipokea, hawezi kunipeleka popote."

Sijawahi kuumia vile, hata siku niliyofukuzwa na mume. Mwenyekiti akaniagiza nirekebishe tena maombi, nikaitikia bila kujua naitikia nini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zenyewe nazifua mimi.

Nilipomuuliza nyumbani, mama hakukana. Alisema mwanamke sehemu yake iko kwa mume.

"Mume gani, mama?"

"Kaka yako ndiye atakayenizika."

"Na anayekuogesha?"

Nilitoka nikaenda kumkatia ng'ombe majani, nikayakata kwa hasira mpaka nikajikata kidole. Nilitaka kumwacha alale bila kula, kisha nikampelekea chakula, nikamchukia zaidi kwa sababu alikula.

Mpeleka wito alipofika akamuulizia kwa jina. Nikamwonyesha jikoni, alikokuwa anamenya ndizi. Mama akabonyeza dole gumba, kisha akanipa ile hati nimsomee. Nikamsomea tarehe ya kesi, kisha majina: mimi mwombaji, yeye mjibu maombi wa tatu.

"Sasa siku hiyo atanipeleka nani mjini?" akauliza.

"Mwambie mwanao."

Nikampigia kaka mbele yake, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, akawa ameizima. Mama akaendelea kumenya ndizi.

Asubuhi ya kesi nilimwogesha, nikamvalisha viatu, nikamshika mkono mpaka ndani ya baraza. Nikamkalisha upande wa kaka, nikamwekea fimbo yake karibu, nikaenda kukaa peke yangu upande wangu.