Mkono Nilioinua Tawa

Nilikuwa mjumbe wa bodi ya shirika letu la haki na utamaduni. Siku hiyo tulikutana Tawa kumsikiliza mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake. Nilikuwa nimetoka Kanyangi alfajiri, mwili umechoka kabisa, nikasinzia kitini. Niliposikia mwenyekiti akisema, "Anayekubali ainue mkono," niliinua wangu haraka nisionekane mzembe.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mzee Mutua, nimeuliza kama kuna anayekubali kwamba mila zetu zinaruhusu mama huyu afukuzwe."

Mkono wangu ulikuwa peke yake. Yule mjane akageuka, akanitazama kwa upole.

"Msimlaumu mzee," akasema. "Amelala tangu nianze kuongea."