Maua ya Mpakani

Andika nisemavyo mimi Cucu, bibi yako, usinirekebishe. Baba yangu alizaliwa Kianyaga, akachunga mbuzi wa watu hadi alipopata shamba hili la Nyeri. Mama yangu alizaliwa Murang'a, binti wa mfinyanzi. Hakuna kati yao aliyeshika kalamu, wala mimi sikuishika.

Mvua zilipoanza, uliniletea barua kutoka chuo unakosomea upimaji wa ardhi. Ulitaka kuacha somo la historia na mila, na mlezi alipaswa kukubali. Nikakuuliza, "Somo hilo linapima shamba?"

Ukacheka. "Hapana, Cucu. Ni hadithi za wazee tu, na hizo si ninazo hapa nyumbani bure?"

Nikatia dole gumba langu wino, nikalibandika. Nilitaka upate kazi.

Kabla hujaipeleka barua hiyo, ulifanya mazoezi ya kupima mpaka wetu na jirani, yule mjane aliyempokea mama yako siku nilipomzaa. Mimi nilikuwa sokoni. Matoka, yale maua yaliyopandwa mpakani, yalikuzuia kuona alama yako ya mbali. Ukayang'oa, ukayarundika kama magugu.

Niliporudi, jirani alikuwa amesimama uani. Hakunisalimu.

"Mjukuu wako amenitangaza mwizi."

"Lakini Cucu," ukamwambia jirani, ukimwonyesha daftari na chombo chako cha kupimia, "mpaka haujasogea hata inchi!"

"Vizuri. Basi kuanzia leo, chumvi ikiisha, mkaiazime kwa hiyo mashine yako."

Hukuelewa, nami niliona aibu kwa ajili yako, kisha kwa ajili yangu. Kwetu, matoka hupandwa na nyumba zote mbili mbele ya wazee. Anayeyang'oa anasema kwamba hayatambui makubaliano, kwamba jirani amemega ardhi yake. Hadithi ulizodhani unazo nyumbani sikuwahi kukupa. Nilidhani shule ingekutosha, nikanyamaza.

Jirani hakupita kwenye njia yetu juma zima. Nilikwisha kuamini nimempoteza.

Nikakutuma kwake peke yako. Kumbe katika vipindi vichache ulivyohudhuria vya lile somo, mwalimu alikuwa amewafunza jinsi ya kuketi na mzee: uliza, nyamaza, usikatize, andika. Uliketi kwake tangu asubuhi hadi chai ya jioni. Ukamwuliza nani alipanda kila shina, na wazee gani walisimama pale. Kesho yake alikuja na fimbo, akatembea mpakani akionyesha, nawe ukathibitisha kila mahali kwa chombo chako. Mashina yaliyokuwa hayajakauka tukayarudisha, mkono wake na wangu juu ya kila moja.

Alipomaliza, akanawa mikono, akaniuliza kama nina chumvi.

Sasa sikiliza. Somo lile usiliache. Barua yenye dole langu usiipeleke chuoni wala usiichome. Itie ndani ya daftari la vipimo, pamoja na majina aliyokutajia jirani. Shina moja la matoka nimelibakiza kando ya tangi la maji. Lihifadhi. Siku utakapopima shamba la mtu mwingine, kabla hujafungua chombo, tafuta kwanza maua.