Haidra Aliyeacha Kujikunyata

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha biolojia karibu na Kaengesa, nilipitisha Jumamosi nyingi bila kuongea na mtu. Walimu wenzangu walikuwa na familia zao, na mimi kwetu ni Mbeya. Nikaanza kufuga haidra.

Nilimpata bwawani, ameng'ang'ania jani. Mnyama laini, mwembamba kama uzi, mwenye minyiri kama vijikono kuzunguka mdomo. Nilimweka kwenye chupa ya jamu dirishani. Hana ubongo, ana wavu tu wa seli za neva, lakini kila baada ya muda hujikunyata akawa kidonge, kisha hujinyoosha tena. Nilikuwa nimesoma kwamba bakteria wanaoishi juu ya ngozi yake huchangia mwendo huo. Nikataka kuona mwenyewe. Nikamhamishia kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, nikatia unga kidogo wa dawa ya rangi mbili, ile ya kuua bakteria, iliyobaki nilipougua koo.

Baada ya siku chache alikuwa hai, lakini alijikunyata kwa nadra sana. Nilikaa mbele yake mchana kutwa, nikijuta.

Jirani yangu, mama mjane aliyezoea Kifipa kuliko Kiswahili, alinikuta hapo akiniletea maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaangalia nini, mwalimu?"

Nikamweleza. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Bakteria si ndio ugonjwa?"

"Wengine, mama. Hawa ni wenzake."

"Sasa umewaua wa nini? Mrudishie maji yake."

Nikaenda bwawani kesho yake. Nilimsafisha dawa, nikammiminia maji yale mabichi, nikasubiri. Siku ya nne alijikunyata, akajinyoosha, akajikunyata tena kabla chai yangu haijapoa. Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Nikatoka mbio hadi kwa mama. Mlango ulikuwa na kufuli. Mtoto wa nyumba ya pili akaniambia mama ameteremka bondeni, Mtowisa, binti yake amejifungua, huenda akakaa hadi mpunga uvunwe.

Nilisimama pale uani upepo ukinipiga. Kisha nikampigia dada yangu Mbeya, nikamsimulia yote: neva, bakteria, maji ya bwawa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Sawa, kaka," akasema. "Lakini leo umekula?"

Sikuwa nimekula.