Kofia Iliyokosa Kichwa

Mwaka ule maji yalipokata barabara ya uwanda wa Kano, mama yangu alikuwa Kisumu, ametoka kutolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. Kwa hiyo jicho la kulinda lilikuwa moja tu, na ukoo mzima, kuanzia sisi wa mtaa wa Kaloleni pale mjini mpaka wale wa kijijini Pap Onditi, ulikuwa unaliulizia hali kama mtoto mchanga.

Siku ya kumfungua bendeji daktari alitukalisha chini. "Mama, jua hapana," akasema. "Vumbi hapana. Maji chafu hapana. Kuinama hapana, kubeba kichwani hapana. Jua kali ikiingia hapa sasa, hata mimi sitaweza kusaidia tena." Nilipomtafsiria mama kwa Kijaluo, aliniuliza kama kupumua ameruhusiwa.

Alikuwa analala kwa mama mmoja wa kanisa, nyumba ya pili kutoka kwetu, maana kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, wala hamtazami usoni. Isitoshe, mimi na mume wangu tulikuwa na chumba kimoja. Angeweza kukaa kwa yule mama mpaka jicho lipone kabisa, kama si mbegu. Katika boma letu, na katika maboma yote ya Nyakach ninayoyajua, mke wa mwana hagusi shamba lake kwa mbegu kabla mama wa boma hajapanda lake. Wake watatu wa kaka zangu walikuwa wameshika majembe wakimngoja. Maji yalikuwa yameanza kurudi ziwani, tope lilikuwa laini, na kila mtu alijua tope la namna hiyo halimngoji mtu. Mjumbe alifika kwa miguu na ujumbe mfupi: Mama aje.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliropoka kwamba desturi haijui upasuaji. Mama akanijibu kwamba njaa nayo haijui, kisha akaomba nimtafutie viatu.

Mabasi hayakuwa yakipita. Tungekwenda kwa miguu siku mbili, tukilala Ahero kwa binti wa dada yake. Miguu ya mama haikuwa na neno, ilikuwa imezoea kwenda sokoni na kurudi tangu nikiwa mgongoni. Kazi ilikuwa kupanga kitakachoingia katika kikapu kimoja, kwa kuwa nilikuwa na kichwa kimoja cha kukibebea, na kila nilichokitia ndani kingetuelemea njia nzima.

Nilianza na dawa ya jicho ya kupaka, tyubu ndogo iliyokuwa ikiyeyuka kwa joto. Hiyo niliifunga kitambaa chenye maji, nikaiweka ndani ya chungu kidogo. Nikatia chupa za maji yaliyochemshwa, vidonge vya malaria kwa sababu mafuriko huacha mbu, aspirini, chumvi kidogo, pamba safi na bendeji. Mama alikaa kitandani akitoa nilivyotia. Alitoa chupa moja ya maji, akaweka mfuko wa mtama wa mbegu. Nikautoa mtama, nikarudisha maji. Mwishowe tulisikilizana kwamba mtama aufunge kiunoni mwake mwenyewe, na vidonge alivyokuwa amevificha chini ya mto virudi kikapuni.

Mume wangu alikuwa nje, amekaa upande wa pili wa ukuta, kama ilivyompasa. Kazi yake ilikuwa kupima barabara. Alishinda juani ameshika ule mti mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe, na jua alilijua vizuri kuliko sisi wote.

"Mwambie Mama mwavuli pekee hautatosha," akasema kupitia dirishani. "Kano iko na upepo."

"Mwambie nimesikia," mama akasema, ingawa walisikiana vizuri kabisa.

Ndipo mkono wake ukapita dirishani na kofia yake ya kazini, ya khaki, yenye ukingo mpana unaofunika mpaka mabega. Ndani ya kofia kulikuwa na miwani yake ya jua, aliyoachiwa na bwana mkubwa wake wa zamani alipoondoka nchini. Alikuwa akiifuta kila jioni. Mtaani petu miwani kama ile haikuwapo nyingine.

Mama alivitazama kwa kuinamisha kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje. "Kofia ya mkwe wangu niivae kichwani?" akasema taratibu. "Kitu kilichokaa usoni kwake kikae usoni kwangu? Nimekatwa jicho, sijakatwa haya." Hakuwa amekasirika. Aliviweka kikapuni kwa heshima, juu kabisa, akavifunika kwa kitambaa, na hapo vikabaki.

Nilitoka nikamwambia mume wangu achukue kofia yake, maana na yeye alikuwa anakuja nasi. Akakataa. "Nimeshampa Mama," akasema. "Nikiichukua, nimemnyang'anya." Nilimwambia kichwa chake kitaiva. Akasema kichwa chake kimezoea. Nilibaki pale mlangoni nikiwaona wote wawili ni wagonjwa, mmoja wa jicho na mmoja wa adabu.

Hivyo ndivyo tulivyoondoka alfajiri. Mume wangu alitangulia mbali, hatua nyingi mbele yetu, kichwa wazi, akiwa na shati jeupe na begi la nguo begani. Mama alifuata chini ya mwavuli wangu, nami nyuma yake na kikapu. Kofia pekee ya maana katika msafara wetu ilisafiri kichwani mwangu ndani ya kikapu, haina wa kuivaa.

Kabla ya adhuhuri upepo wa Kano ulikuwa umeupindua mwavuli na kuuvunja mbavu. Nilimsogezea mama kanga yake mpaka ikafunika nyusi, akatembea akishikilia kiganja juu ya jicho. Nilimwomba avae kofia. Akaongeza mwendo. Tulipolala Ahero jicho lilikuwa kavu na safi, nikapaka dawa, nikamshukuru Mungu kwa sauti ili mama asikie kwamba sikumshukuru yeye.

Siku ya pili ilikuwa mbaya. Barabara ilipita kati ya mashamba yaliyojaa maji, na jua lilitupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Hapakuwa na mti. Kila tulipopumzika nilimfunua mama kanga nikalichungulia jicho. Mchana lilianza kutoa machozi. Baadaye kidogo likawa jekundu pembeni. Niliogopa, na hofu yangu hutoka kama matusi. Nilimwambia akipofuka nitamwacha hapo hapo awapandie vyura mtama.

"Mumeo anayumba," mama akasema.

Niliangalia mbele. Shati jeupe lilikuwa mbali likienda. Sikuona chochote. "Mama, wewe huoni vizuri."

"Naona. Tangu tuvuke kile kidaraja anakanyaga kama mlevi."

Sikuwa nimemaliza kumbishia, mume wangu akapiga magoti katikati ya barabara, akalala ubavu.

Nilikimbia, maji yakichezacheza kikapuni. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu, midomo imepasuka, macho yananitazama bila kunijua. Nilimvuta pembeni nikamfungua vifungo. Nililowesha bendeji zote nilizompangia mama, nikamwekea shingoni na makwapani. Nilitia chumvi kidogo katika maji. Lakini jua lilikuwa limeinama upande mmoja, linampiga usoni sawasawa, na mimi sikuwa na mikono ya kumnywesha na kumkinga pamoja. Nilimtia kofia yake kichwani. Iliokoa uso, mwili mzima ukabaki unaungua.

Mama alikuwa amesimama kando ya barabara, mbali kidogo, anatazama mashamba. Hakuwa na ruhusa ya kumsogelea mkwewe namna ile, amelala kifua wazi. Nilijua hivyo, na bado nilitamani kumpigia kelele.

"Nipe hiyo miwani," akasema.

Nilimpa nikidhani ameiomba kwa ajili ya mgonjwa. Akaivaa mwenyewe. Ilikuwa kubwa, ikamkalia pembeni kidogo, akaishikiza kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akavua kanga ya mabegani na kurudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, huku mimi nikimwelekeza: kushoto Mama, nyuma kidogo, hapo. Aliposimama, mgongo wake ulikuwa kwa mkwewe na uso wake kwenye jua. Alitanua kanga kwa mikono yote miwili, na kivuli chake kikamfunika mume wangu kuanzia kofia mpaka magotini.

Jua lile alilokatazwa lisimguse hata kwa dakika, alisimama akitazamana nalo. Mikono ilipomlemea, hakuishusha. Nililia wazi wazi nikimnywesha mume wangu kwa kifuniko cha chupa, sikujua nimlilie nani kwanza.

"Mwambie anywe polepole," mama akasema bila kugeuka.

Baada ya muda mrefu mume wangu alinitambua. Aliiona ile kanga, akaiona miguu yenye viatu nilivyovitafuta mimi, akaelewa. Alijaribu kuinuka kwa aibu. "Mwambie Mama asante," akanong'ona. "Mwambie akae, jicho lake."

"Mwambie asiongee," mama akasema.

Tulikaa pale mpaka jua likapoa. Wapita njia wawili walitusaidia kumfikisha nyumba ya karibu, na kesho yake jioni tukaingia Pap Onditi. Mume wangu alikuwa na kofia kichwani na mama alikuwa na miwani usoni. Hakuna aliyeuliza kitu, nami nikatua kikapu.

Alipanda asubuhi iliyofuata. Hakuinama. Alitoboa tope kwa mti mrefu, akadondosha mbegu akiwa wima, akafukia kwa mguu, amevaa ile miwani nyeusi. Wake wa kaka zangu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakakimbilia mashamba yao. Wekundu wa jicho uliisha baada ya siku kadhaa. Jicho lile lilimtumikia mama miaka yake yote iliyobaki, na miwani hakuirudisha, wala mume wangu hakuiulizia.

Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa nimekwenda kumwona, nilimuuliza aliwezaje siku ile kuona mbali hivyo, na mimi mwenye macho mawili sikuona. Tulikuwa tunachambua mtama.

"Wewe ulikuwa unaniangalia mimi," akasema. "Mimi tangu jicho lifunguliwe, kitu cha kwanza nilichokitazama siku mbili nzima ni mgongo wa yule mtoto. Uso wake siujui, na sitaujua. Lakini mgongo ule hata katikati ya soko nitautambua, na ukiumwa nitajua."

Niliporudi Kisumu nilimweleza mume wangu maneno hayo, neno kwa neno. Alikuwa amekaa anafunga viatu vya kazini. Alinigeuzia mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.